Mafahali Wawili, Zizi Moja: Kwa Nini Testi Zako Zinagombana

Wasee wa kuandika programu, wacha niseme kitu kitakachoudhi wengine: ile nambari ya wafanyakazi unayoweka ili testi zako ziende sambamba ndiyo kitu cha mwisho unafaa kugusa. Si cha kwanza. Cha mwisho kabisa.

Najua vile huwa. Testi zinachelewa, unaingia YouTube, jamaa mwenye mashine ya nguvu anakuambia weka wafanyakazi 8, bonyeza, umemaliza. Kwake zinapaa. Kwako nusu zinaanguka, na ukirudia, zinazoanguka si zile za kwanza. Unarudisha mipangilio kama ilivyokuwa na kujiambia ati mambo ya sambamba ni ya kampuni kubwa za Nairobi. Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Testi zako zilikuwa zinakuambia kitu cha maana, na wewe umezifunga mdomo.

Kwa wale hawajaingia kwa haya mambo: testi ya kujiendesha ni programu ndogo inayokagua programu kubwa. Badala ya wewe kufungua app kila siku, uweke nenosiri, ubonyeze hapa na pale kuona kama kuna kitu kimeharibika, unaandika maagizo mara moja na kompyuta inayarudia yenyewe. Ukiwa na testi 10, hakuna neno. Ukiwa na 500 na zinafuatana moja baada ya nyingine, unaweza kusonga ugali, ule, uoshe sufuria, na bado zinaendelea. Kuziendesha sambamba ni kuzigawa: wafanyakazi kadhaa ndani ya kompyuta, kila mmoja na fungu lake, wote kwa wakati mmoja.

Mimi nafanyia hii kazi Naitiri. Kama hupajui, ni Tongaren, kaunti ya Bungoma, pale ambapo ukisogea kidogo umeshaingia Trans Nzoia. Huku testi za polepole si jambo la kukosa subira tu. Stima ikipotea saa nane mchana, unabaki na chaji iliyo kwa betri. Laptopu yenyewe ni ile ya mtumba, prosesa ina viini viwili. Ukisema utupe kazi yote kwa seva za mbali, bando inalia. Testi zikichukua dakika 20, kila mtu anajua kitakachofuata: utaacha kuziendesha. Na testi ambayo haiendeshwi ni kama mbwa uliyemfungia jikoni huku mwizi akizunguka zizini.

Kwa hivyo kasi naitaka sana, pengine kukuliko. Ninachokataa ni kuitafuta mahali ambapo haiko.

Tuanze na mashine, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Nenda kisiagi chochote siku ya watu wengi. Mota ni moja. Hata mkijipanga foleni nne, mahindi yatasagwa kwa kasi ya ile mota moja. Utakachoongeza ni kelele, na debe la mtu kuchanganyika na la mwingine. Prosesa yako ni hiyo mota. Ukiwa na viini viwili na uweke wafanyakazi 8, hujapata kasi mara nane. Umepata wafanyakazi 8 wanaosukumana mlangoni.

Waliotengeneza hivi vifaa wanajua hilo, ndiyo maana wameweka mipaka ya kawaida. Playwright, ile ya kukagua tovuti, usipoiambia kitu huchukua nusu ya viini inavyoviona. Jest huchukua viini vyote ikiacha kimoja. Kwa Python, ukiweka pytest-xdist na uandike `pytest -n auto`, inahesabu viini yenyewe. Hizo nambari hazikuwekwa kwa kubahatisha. Kuna testi ambazo muda wao mwingi ni wa kusubiri, labda jibu kutoka kwa seva, na hizo unaweza kuziongezea mfanyakazi mmoja au wawili juu ya viini ulivyo navyo. Lakini angalia memori pia. Testi za tovuti humfanya kila mfanyakazi afungue kivinjari chake, na laptopu ya GB 4 ikibebeshwa vivinjari vinne, itakaa kimya hadi uanze kuiombea.

Halafu kuna hesabu ambayo haina huruma. Tuseme testi zako zote huchukua dakika 10. Kati ya hizo, dakika 2 ni maandalizi ambayo hayagawanyiki: kuwasha seva, kutengeneza databesi, kujenga programu. Zinabaki 8 za kugawa. Wafanyakazi wawili watakufikisha dakika 6. Wanne, dakika 4. Hata nikupe wafanyakazi elfu moja na mashine ya kuwatosha, hutashuka chini ya dakika 2. Gene Amdahl alilieleza jambo hili mwaka 1967, wakati kompyuta zilijaza chumba, na bado linatufuata hadi leo. Kwa hivyo kabla ya kuongeza watu, jiulize kama yale maandalizi yenyewe hayawezi kupunguzwa. Mara nyingi yanaweza.

Sasa tuje kwa zizi.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na sidhani walikuwa wanafikiria databesi, lakini walipiga ndipo. Testi mbili zikiendeshwa kwa wakati mmoja juu ya data ile ile, zitapigana. Testi ya kwanza inatengeneza mtumiaji, ya pili inamfuta, ya tatu inamtafuta na haimpati. Zikifuatana kwa mstari, hujui hata kama kuna shida, kwa sababu kila moja inarithi mahali palipoachwa na mwenzake. Ukiziachilia pamoja, siri inatoka nje.

Na si databesi tu. Angalia testi zako uone zinagawana nini. Faili moja ambayo zote zinaandika ndani yake. Lango moja la seva, kwa mfano 3000, ambalo kila moja inataka kulifungua. Akaunti moja ya majaribio ambayo ikitoka hapa, inawatoa wengine wote. Barua pepe moja ambayo kila testi inajisajili nayo. Kila kimoja cha hivyo ni zizi lenye mafahali.

Dawa ni kumpa kila fahali zizi lake, na vifaa vingi vimeshakurahisishia. Django imekuwa na `--parallel` tangu toleo la 1.9, mwishoni mwa 2015, na ukiitumia inatengeneza nakala ya databesi kwa kila mfanyakazi. Ukichanganya pytest-django na xdist, kila mfanyakazi anapata databesi yenye jina lake, mmoja gw0, mwingine gw1, hivyo hivyo. Kwa Playwright, kila mfanyakazi ana nambari yake, `parallelIndex`, na unaweza kuitumia kumpa akaunti yake au lango lake. Faili za muda ziwekwe kwenye folda ya testi husika. Majina na barua pepe yatengenezwe papo hapo, kila testi na yake. Hakuna uchawi hapo. Ni kazi ya mikono, tena inachosha kidogo.

Pia jua kifaa chako kinagawa vipi. Jest inagawa faili, si testi moja moja. Playwright nayo ni hivyo hivyo: faili tofauti zinaenda sambamba, lakini testi zilizo ndani ya faili moja zinafuatana, mpaka uweke `fullyParallel` ndipo zote ziachiliwe. Kwa xdist, ukitaka testi za faili moja zikae na mfanyakazi mmoja, unaongeza `--dist loadfile`. Kuna watu wamesumbuka usiku mzima kwa sababu hawakujua hilo.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri, huna haja ya kwenda Marekani. Anza Eldoret. OpenMRS, programu ya kuweka rekodi za wagonjwa ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ilianza mwaka 2004, na Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret kwenye mradi wa AMPATH. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Leo sehemu yake ya mbele ina testi za Playwright, ziko mtandaoni, na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Katika zile za faili la mgonjwa, mpangilio umewekwa `fullyParallel`, lakini usiangalie hapo tu. Angalia kinachotokea kabla ya kila testi: inatengenezwa mgonjwa mpya wa kubuni, wa testi hiyo peke yake. Testi ikimaliza, mgonjwa huyo anafutwa. Hakuna "mgonjwa nambari moja" ambaye kila mtu anamvuta mkono.

Umeona mpangilio? Neno moja kwenye mipangilio, na nyuma yake msimbo wa kumpa kila mtu mgonjwa wake. Jamaa wa YouTube alikuonyesha lile neno tu.

Nimekuja sasa kwa kile kilichonifanya niandike haya yote. Kuna testi ambazo Waswahili wangeziita kigeugeu. Leo inapita, kesho inaanguka, na hujagusa kitu. Ukianza kuendesha sambamba, vigeugeu vinaongezeka, na vifaa vingi vinakupa njia rahisi ya kuvinyamazisha: ijaribu tena. Ikianguka, irudiwe mara mbili, mara tatu, na ikipita hata mara moja, tunasema iko sawa. Kuna watu huweka hiyo siku ya kwanza, kabla hata hawajaona testi ikianguka.

Mimi hiyo naiona kama kumeza dawa ya maumivu bila kuuliza kinachouma ni nini.

Huku kwetu kuna chama kimoja cha wakulima, watu wanaoweka akiba kidogo kidogo wakiuza mahindi na maziwa. Walikuwa na mfumo mdogo wa kuhesabu michango. Niliukuta umeshaandikwa na una testi chache, na aliyeuandika alishaenda zake. Kazi niliyopewa ni kuukagua kabla waongeze wanachama. Testi zote zilikuwa zinaongea na seva moja na databesi moja. Kwa mstari, zote kijani. Nikaweka wafanyakazi wawili, testi za salio zikaanza kuanguka, si kila mara, lakini mara za kutosha kukukosesha usingizi.

Nikazisoma. Mwanachama wa majaribio alikuwa na 5,000, na salio hilo liliwekwa mara moja tu, mwanzoni. Testi ya kwanza inamwekea 500 na kutarajia 5,500. Ya pili, iliyo kwenye faili lingine, inamwekea 300 na kutarajia 5,800. Yaani ya pili inategemea ya kwanza iwe imeshapita. Mafahali wawili, zizi moja, kitabu kabisa. Mtu angesema hapo shida ni testi, zitenganishe, twende kunywa chai.

Lakini nikafungua databesi kuangalia salio la mwisho. Fikiria na mimi. Haijalishi ni testi gani ilitangulia, 500 iliingia na 300 ikaingia. Mwisho wa yote lazima iwe 5,800. Nilikuta 5,300. Mia tano ilikuwa imeyeyuka.

Hiyo si testi kugombana. Huo ni mfumo kupoteza pesa ya watu. Msimbo ulikuwa unasoma salio, unajumlisha, halafu unaandika jibu. Michango miwili ikifika pamoja, yote inasoma 5,000. Mmoja unaandika 5,500, mwingine unakuja nyuma yake kuandika 5,300, na kile cha kwanza kimefunikwa kama hakikuwahi kutokea. Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja: acha databesi yenyewe ijumlishe kwa hatua moja isiyokatika, badala ya programu kusoma kwanza na kuandika baadaye.

Mstari mmoja. Sasa weka hiyo hitilafu mwisho wa mwezi. Mama anatuma mchango wake kwa simu, na kijana wake aliye Nairobi anamtumia mwingine dakika hiyo hiyo. Simu zote mbili zinapata ujumbe kwamba pesa imeingia. Kwenye kitabu cha chama kuna mchango mmoja. Unafikiri lawama zitaanguka kwa nani? Si kwa databesi. Mweka hazina ndiye ataitwa mwizi mbele ya watu, kwenye mkutano, na hatakuwa na la kujibu. Nimeona vyama vikivunjika kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Na kama ningekuwa nimewasha kujaribu tena, ile rangi nyekundu ingegeuka kijani na mimi ningelipwa na kwenda nyumbani.

Kama unaona natia chumvi, kuna kisa kinachofundishwa kwa wahandisi dunia nzima. Therac-25 ilikuwa mashine ya mionzi ya kutibu saratani, iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada. Kati ya 1985 na 1987 ilihusika katika ajali sita zinazojulikana, wagonjwa wakipigwa mionzi mingi kupita kiasi. Mwaka 1986, huko Tyler, Texas, mgonjwa aliungua, na wahandisi waliokuja kuikagua mashine hawakuweza kurudisha tukio lile. Mashine ikarudishwa kazini. Siku chache baadaye, ikaumiza mgonjwa wa pili. Wote wawili walifariki. Aliyeivumbua siri ni mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo, Fritz Hager, akishirikiana na mwendeshaji wa mashine. Walirudia na kurudia mpaka wakaona: hitilafu ilitokea tu mwendeshaji aliporekebisha maelezo kwa haraka, kwa sababu sehemu mbili za programu zilikuwa zinakimbizana. Ukiandika polepole, kila kitu kiko sawa. Ukiwa na mkono mwepesi, mtu anaumia.

"Imekataa kujirudia" si sawa na "haipo." Hilo ndilo nataka ubaki nalo.

Kwa hivyo testi ikianguka tu ikiwa sambamba, una maswali mawili, na uyaulize kwa mpangilio. La kwanza: je, testi hizi zinagawana kitu? Kama ndiyo, zitenganishe. La pili, ambalo wengi huliruka: je, watumiaji wa kweli wawili wangeweza kugongana vivyo hivyo? Kama ndiyo, kutenganisha testi hakujamaliza kazi. Kumbuka, ukishampa kila testi mwanachama wake, ile hitilafu ya mia tano haitaonekana tena kwenye ripoti, na bado iko kwenye mfumo. Lazima uandike testi moja ya makusudi inayotuma michango miwili kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja, kisha ihesabu. Kuendesha testi sambamba na kukagua kama programu yako inastahimili mambo mawili kwa pamoja ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inaweza kukudokezea ya pili, kama ilivyonidokezea mimi, lakini haikufanyii.

Mpangilio wangu uko hivi. Kwanza ziendeshe kwa mstari lakini uchanganye mpangilio wake kila mara. Kwa Python kuna pytest-randomly, Jest ina `--randomize`. Zikianguka hapo, bado zinategemeana, na huna haja ya kwenda mbele. Zikitulia, weka wafanyakazi wawili. Wawili wanatosha kuonyesha ugomvi mwingi, hata kwa laptopu ya mtumba. Rekebisha mpaka zipite mara kadhaa mfululizo bila kujaribu tena. Hapo ndipo unaruhusiwa kucheza na ile nambari, ukipima muda kila ukiiongeza, na kusimama pale muda unapoacha kushuka.

Ukitaka kuzigawa kwa mashine za mbali, Playwright ina `--shard=1/3`, kila mashine inachukua theluthi yake. Lakini hesabu dakika zako. Kwa mradi wa siri wa bure, GitHub inakupa dakika 2,000 kwa mwezi, na kila kazi inapandishwa hadi dakika kamili. Mashine tano zikifanya sekunde 70 kila moja, umelipa dakika 10, si 6. Tena maandalizi yale yale yanarudiwa mara tano. Kasi ina bei, hata ukiwa hulipi kwa shilingi.

Usiku huu kabla ya kulala, weka wafanyakazi wawili, zima kujaribu tena, uziachilie. Zikipita, hongera, ongeza. Zikigombana, usikimbilie kuzituliza. Kaa chini, fungua databesi, na uhesabu kama pesa yote iko.